Sura ya Sita: Samaki wa Maporomoko

Kasulu, mkoani Kigoma, ina samaki wake. Jina lake la kisayansi ni Orthochromis kasuluensis, na waliomwingiza kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1998 ni Luc De Vos, Mbelgiji, na Lothar Seegers, Mjerumani. Katika andiko hilo walieleza aina saba mpya kwa mpigo, zote kutoka mito ya Malagarasi, Luiche na Rugufu. Mmoja wakampa jina la Kasulu, mwingine la Uvinza, mwingine la Moso kule Burundi, na waliobaki wakapewa majina ya mito yao au ya maumbile yao.

Ni samaki mdogo, wa kulala kiganjani. Mnadani hana bei na wengi waliozaliwa Kasulu hawajawahi kumtazama. Kichwa chake ni cha mviringo, macho yamekaa juu, na mwili wake umejengwa kwa ajili ya maji yanayokimbia. Jamii hii ya samaki kibofu chao cha hewa ni kidogo, kwa hiyo hawaelei kwa utulivu kama perege. Hukaa chini wakijibana kwenye mawe, na wakitaka kuhama huchupa kutoka jiwe hadi jiwe huku mkondo ukipita juu yao. Jike hubeba mayai mdomoni, humohumo kwenye purukushani ya maji, mpaka vifaranga vitoke.

Ukimtoa samaki huyu kwenye maji ya kasi ukampeleka kwenye maji yaliyotuama, umemnyima makazi hata kama maji hayo ni mengi kiasi gani. Shida yetu inaanzia hapo, kwa sababu mhandisi wa umeme naye anatafuta mahali palepale. Nguvu ya umeme wa maji hutokana na vitu viwili: wingi wa maji na urefu wa mporomoko. Mhandisi akitembea kando ya mto na vipimo vyake, atasimama pale mto unapoanguka kutoka kwenye mwamba, ambapo mawe yameoshwa na mkondo kwa karne nyingi. Samaki wa maporomoko amemtangulia hapo kwa muda mrefu sana.

Naamini umeme unahitajika Kigoma, na sitaki msomaji afikiri kwamba sura hii inaupinga. Kwa miaka mingi Kasulu na Kibondo zilitegemea majenereta ya dizeli. Dizeli ilipochelewa, saluni zilifungwa, mashine za kusaga zikanyamaza, na zahanati zikarudi kwenye taa za mkononi. Mwaka 2022 umeme wa gridi ya taifa ulifika na majenereta yakazimwa, na hiyo ilikuwa habari njema. Ninachokidai ni kimoja: samaki wahesabiwe kabla ukuta haujajengwa, na maji yabaki kwenye mawe baada ya ukuta kujengwa. Yote mengine tunayoyaita kurejesha samaki ni ghali zaidi, ni ya polepole zaidi, na mara nyingi hayafanikiwi.

Kwanza tuutazame mto wenyewe. Malagarasi unaanzia kwenye milima ya mpakani na Burundi, unakuwa mpaka wa nchi hizi mbili kwa sehemu ya safari yake, kisha unaingia Tanzania na kuzunguka nyanda za Kibondo na Kasulu kabla ya kugeukia magharibi. Mvua inayonyesha Nyakitonto, wilayani Kasulu, kwenye mashamba ya mahindi, maharage na mihogo, hushuka kwa vijito hadi kwenye mfumo huu. Huko chini Mto Moyowosi unajiunga, Ugalla unaleta maji ya Tabora, na Ruchugi unashuka kutoka Kasulu na kuupata mto mkubwa karibu na Uvinza, palipo na chemchemi za chumvi zilizofanya mji huo ujulikane tangu enzi za misafara. Kutoka chanzo hadi Ziwa Tanganyika ni mwendo wa kilomita 475 hivi.

Wanajiolojia wanasema mto huu una umri mkubwa kuliko ziwa unaloliingia. Kabla bonde la ufa halijafunguka na kujaa maji, Malagarasi ulikuwa ukitiririka magharibi hadi kwenye mfumo wa Mto Kongo. Ushahidi unaonekana kwa samaki. Kwenye Malagarasi wamo samaki ambao ndugu zao wako Kongo, ng'ambo ya ziwa, akiwemo bunju mkubwa wa maji baridi, Tetraodon mbu, anayejivimbisha akitishwa. Ziwa lilikuja likakaa katikati, na samaki wa upande huu wakabaki peke yao.

Wengine hawapatikani popote pengine duniani. Perege wa Malagarasi, Oreochromis malagarasi, ni wa bonde hili tu. Karomo, Oreochromis karomo, ni wa mabwawa ya chini ya mto huu, na leo yumo kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Mwaka 1956 mtaalamu wa samaki Rosemary Lowe alichapisha maelezo ya jinsi dume wa karomo anavyojenga uwanja wa mchanga chini ya maji, akaulinda na kuwaita majike waje kutaga. Ni andiko la mtu aliyekaa na kutazama kwa subira, na bila andiko hilo tusingekuwa na picha ya karomo alivyoishi kabla ya misukosuko ya sasa. Aprili 2000 Tanzania iliandikisha ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi (yaani Moyowosi) kuwa eneo lake la kwanza chini ya Mkataba wa Ramsar. Ni takribani hekta milioni 3.25, ukubwa unaoipita nchi nzima ya Burundi.

Ukifika Uvinza ukafuata mto kuelekea ziwani, unakuta Maporomoko ya Igamba. Februari 2008 Rais Jakaya Kikwete na Rais George W. Bush walitia saini Dar es Salaam makubaliano ya msaada wa dola milioni 698 kupitia shirika la Marekani la Millennium Challenge Corporation. Ndani ya makubaliano hayo kulikuwa na kituo cha kufua umeme hapo Igamba, cha megawati 8 hivi, kwa ajili ya Kigoma. Barabara, maji na nyaya vilikuwa vinapangwa. Kisha wakaja watu wa tathmini ya mazingira, wakaingia mtoni na nyavu na ndoo, wakaanza kupindua mawe.

Walichokiona kilibadilisha mpango. Kwenye maporomoko kulikuwa na viumbe adimu vinavyotegemea mkondo ule, na kituo kama kilivyochorwa kingeweza kuvimaliza. Serikali ya Tanzania na wafadhili wakakubaliana kuachana nacho. Fedha zikaelekezwa kwingine, na sehemu yake ikawa umeme wa jua kwa shule, zahanati na masoko ya Kigoma. Najua walikuwepo watu mkoani waliosikitika, na walikuwa na haki ya kusikitika, maana waliahidiwa megawati wakaletewa paneli. Hata hivyo uamuzi ule naona ulikuwa sahihi, na ni miongoni mwa maamuzi machache ya aina yake Afrika Mashariki ambapo hesabu ya samaki na konokono ilifanyika mapema kiasi cha kubadilisha mchoro wa mhandisi.

Igamba haikusahaulika. Mwaka 2020 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mkopo wa mradi mpya kwenye eneo hilohilo, mkubwa zaidi, wa megawati 49.5. Huu ni wa aina ambayo haihifadhi maji mengi: maji yanachepushwa juu ya maporomoko, yanapitishwa kwenye mfereji au bomba hadi kwenye mitambo, kisha yanarudishwa mtoni chini zaidi. Vitabu vya miradi hupenda kusema aina hii haina madhara makubwa kwa kuwa haizamishi mashamba wala haihamishi vijiji. Kwa wakulima ni kweli. Kwa samaki wa maporomoko ni kinyume chake, kwa sababu kipande cha mto kinachonyang'anywa maji ni kile kilichoko kati ya mlango wa mfereji na nyumba ya mitambo, yaani maporomoko yenyewe. Septemba, mto ukiwa chini kabisa na mahitaji ya umeme yakiwa yaleyale, kipande hicho ndicho kinachoweza kubaki madimbwi.

Kuna jambo la pili lisiloonekana kwenye michoro. Watu huwasha taa, redio na pasi jioni. Mtambo ukifuata matumizi, maji hupanda saa moja usiku na kushuka alfajiri, kila siku. Perege aliyechimba kiota chake ukingoni kwenye kina cha goti huamka kiota kimo nchi kavu. Wadudu wa majini wanaotaga kwenye mawe ya pembeni hupoteza mayai yao, na samaki wanaowala wadudu hao hukosa chakula bila mtu yeyote kuvua hata mmoja. Samaki wanaweza kupungua kwa namna hiyo miaka mingi huku wavuvi wakilaumiana wao kwa wao.

Tutajuaje basi kwamba wamepungua? Hesabu nyingi za samaki nchini hufanywa mwaloni: mitumbwi inafika, samaki wanapimwa, kilo zinaandikwa. Kwa ziwa lenye dagaa na migebuka njia hiyo inaeleweka. Kwa mito ya nyanda za juu haisemi karibu chochote. Kambare anayevuliwa kwa migono kwenye kijito cha Nyakitonto hapelekwi mwaloni. Anabanikwa nyumbani, au anafungwa kwenye baiskeli na kuuzwa njiani. Na samaki wa maporomoko hapimwi popote, kwa kuwa hauzwi. Anayetumia kilo za sokoni kupima afya ya mto atauona mto ni mzima huku nusu ya wakazi wake wameshaondoka.

Kuhesabu samaki wa maji ya kasi ni kazi ya mikono. Watu watatu wanaingia mtoni wakiwa wamevaa viatu, maana mawe yanateleza. Wawili wanashika wavu mdogo wa matundu madogo, wakiutandaza upande wa chini wa mkondo, kingo zake zikigusa mchanga. Wa tatu anasimama hatua chache juu na kuanza kuyatikisa mawe kwa miguu, akishuka kuelekea wavuni. Samaki waliojibana chini ya mawe wanafurushwa na mkondo unawaingiza. Wavu unainuliwa haraka, na yaliyomo yanamwagwa kwenye ndoo yenye maji ya mto, kwa sababu maji ya bomba yenye dawa yatawaua. Kila samaki analazwa kwenye ubao wa kupimia uliolowanishwa, urefu wake unasomwa kwa milimita, jike anayebeba mayai anatambuliwa kwa kidevu kilichovimba na kurudishwa kwanza, kabla hajayatema. Kisha kazi inarudiwa mita chache juu, na tena, muda uleule, wavu uleule, idadi ileile ya watu.

Usawa huo ndio roho ya hesabu. Samaki 30 waliopatikana kwa dakika 10 hawawezi kulinganishwa na samaki 30 waliopatikana kwa saa nzima. Wataalamu hugawanya idadi ya samaki kwa juhudi iliyotumika, iwe ni dakika za kuburuta wavu au usiku mmoja wa nyavu za kutega. Nyavu za kutega nazo hutumika za matundu tofauti kwa pamoja, ndogo hadi kubwa, ili wasipatikane wakubwa tu halafu mtu akadhani vifaranga havipo. Kwenye vidimbwi virefu wenye vifaa hutumia mashine inayozubaisha samaki kwa umeme kwa sekunde chache. Hiyo ni ya wataalamu wenye kibali pekee. Mikononi mwa mtu asiyejua inaua samaki na inaua mtu.

Ukitaka kujua idadi yote ya samaki kwenye kidimbwi usichoweza kukikausha, kuna njia ya zamani na nyepesi. Tuseme umevua perege 60, ukawakata ncha ndogo ya pezi, ukawarudisha. Baada ya siku chache umevua 80, na kati yao 12 wana alama. Ikiwa wenye alama walichanganyika sawasawa na wengine, 60 mara 80 gawanya kwa 12 ni 400, na hayo ndiyo makadirio ya perege wa kidimbwi kile. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaiweza. Siku hizi kuna njia nyingine pia: kuchuja lita chache za maji na kutafuta maabara vinasaba ambavyo samaki wameviacha kwa ute na magamba yao. Maji hayo yanaweza kukuambia kwamba aina fulani ipo, hata kama wavu haukuikamata. Kukuambia wako wangapi hayawezi vizuri.

Kipimo kimoja hakifungwi kwenye chupa, nacho ni kumbukumbu za wavuvi. Mzee aliyevua kwa miaka 40 kwenye bonde moja anajua ni mwezi gani kambare hupanda kwenye majani yaliyofurika, ni samaki gani aliacha kuonekana na baada ya mvua ipi. Kambare hutaga usiku, mvua za kwanza kubwa zikifurisha nyasi, na mayai hunata kwenye majani na kuanguliwa ndani ya siku moja hadi mbili. Mvuvi analijua hilo bila kusoma. Ukimuuliza kwa adabu, ukaandika jibu lake na tarehe, ukauliza wazee wengine wa kijiji cha pili bila kuwatajia jibu la wa kwanza, unapata historia ya mto inayorudi nyuma kuliko kumbukumbu za ofisi yoyote. Wapo watafiti wanaoona aibu kuitumia. Mimi naona aibu iko kwa anayeidharau.

Hesabu moja peke yake haitoshi. Lazima ifanyike Machi, mto umejaa, na Septemba, mto umepungua. Lazima ifanyike mahali ukuta utakapojengwa na pia kwenye mto jirani ambao hautaguswa, ili samaki wakipungua tujue kama ni ukuta au ni ukame ulioikumba mito yote. Na lazima ianze miaka kadhaa kabla ya saruji ya kwanza. Mradi unaoanza kuhesabu samaki siku ya kuzindua mitambo umeshajinyima jibu.

Kihansi inatufundisha gharama ya kuchelewa. Kituo hicho cha megawati 180, kwenye safu za Udzungwa, kilianza kujengwa katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 1996, ujenzi ukiwa umeshaanza, watafiti walimkuta kwenye korongo la maporomoko chura mdogo wa rangi ya dhahabu, anayezaa watoto walio hai, aliyeishi kwenye manyunyu ya maji yanayoanguka na si mahali pengine popote. Maji yalipoingizwa kwenye mahandaki, manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa kwenda kutunzwa kwenye bustani za wanyama Marekani. Korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji. Hata hivyo idadi ikaporomoka, ugonjwa wa kuvu ukaonekana, na mwaka 2009 chura wa Kihansi akatangazwa kutoweka porini. Mwaka 2012 walianza kurudishwa korongoni, baada ya wengine kukaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kazi hiyo imehitaji fedha, wataalamu na nchi mbili kwa miongo kadhaa. Huyo ni chura mmoja. Malagarasi una samaki wengi wa aina hiyo, na hakuna bustani ya wanyama iliyowatengea matangi.

Kwa samaki, jambo la kwanza katika kurejesha ni maji. Bwawa la Itezhi-Tezhi, kwenye Mto Kafue nchini Zambia, lilijengwa miaka ya 1970 likiwa na nafasi ya ziada ya kuhifadhi maji kwa ajili ya kuyaachia kila Machi, ili nyanda za Kafue zifurike kidogo kama zamani na samaki wapate kuzaliana. Mpango huo haukutimiza yote uliyoahidi, lakini wazo lake ni sahihi: bwawa lenye milango linaweza kuiga mafuriko kama wenye funguo wakikubali. Kwa kituo cha kuchepusha maji kama cha Igamba, kuiga mafuriko hakuhitajiki sana. Kinachohitajika ni kiasi cha maji kisichoguswa, kinachopita kwenye maporomoko mchana na usiku, Machi na Septemba, kikipimwa na kipimo ambacho mwananchi yeyote anaweza kukisoma ukingoni.

Sheria ipo. Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 iliweka mahitaji ya msingi ya binadamu mbele, mazingira yakifuata, kisha matumizi mengine. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 ikatambua maji ya akiba kwa ajili ya mto wenyewe. Kwa maneno mengine, samaki wa Malagarasi ana haki ya maji kabla ya mtambo. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika ndiyo yenye jukumu la kutoa vibali vya maji, na mamlaka ya taifa ya mazingira ndiyo inayosimamia tathmini za mazingira. Namba ya akiba hiyo kwa kila mto wa Kigoma inapaswa kubandikwa kwenye mbao za matangazo za vijiji kama zinavyobandikwa taarifa za mapato na matumizi.

Baada ya maji ni njia. Ulaya na Marekani hujenga ngazi za samaki pembeni ya kuta, vidimbwi vinavyopandana ili samaki avuke. Ngazi hizo zilichorwa kwa ajili ya samoni, anayeruka. Thailand waliijenga moja kwenye bwawa la Pak Mun, lililokamilika mwaka 1994, kwa samaki wa Mekong ambao maumbile na mwendo wao ni mwingine, na wengi hawakupanda. Serikali baadaye ilibidi ifungue milango ya bwawa kwa miezi kadhaa ya mwaka. Ngazi ikija Malagarasi ichorwe na mtu aliyemwona kambare akipanda kijito chenye kina cha kifundo cha mguu, akisukuma tumbo kwenye matope. Kambare haruki.

Njia ambayo wengi huikimbilia ni kupandikiza vifaranga. Ina mahali pake. Ningu wa Ziwa Victoria, Labeo victorianus, alikuwa samaki wa thamani kwenye mito inayoingia ziwani mpaka nyavu zilipowekwa midomoni mwa mito na kumkamata akipanda kutaga. Akaporomoka katikati ya karne iliyopita. Uganda, watafiti Justus Rutaisire na Anthony Booth walionyesha mwaka 2004 kwamba ningu anaweza kutagishwa na vifaranga vyake kuanguliwa kwenye kituo, na hilo linatoa tumaini. Lakini ningu alizaliwa na ningu. Balaa huanza pale halmashauri inapoambiwa samaki wamepungua, nayo ikaagiza vifaranga vya sato wa Mto Nile kwa kuwa hukua haraka. Utafiti uliofanywa Tanzania umeonyesha sato hao wakisambaa kwenye mabonde mengi na kuzaliana na perege wa asili, hadi damu ya asili inachujuka. Kuwamwaga Malagarasi, nyumbani kwa perege wasiopatikana kwingine, ni kumaliza kwa ndoo kile ambacho ukuta ulikuwa haujakimaliza. Tena mvuvi atafurahi miaka miwili ya kwanza, na furaha hiyo itatumika kama ushahidi kwamba mpango umefaulu.

Kuna njia ya kuondoa ukuta kabisa. Kwenye Mto Elwha, jimbo la Washington, Marekani ilibomoa mabwawa mawili kati ya 2011 na 2014, la kwanza lilikuwa limesimama tangu 1913, na samoni walianza kupanda tena kwenye maji ambayo wahenga wao walifungiwa. Kabila la Lower Elwha Klallam lilipigania hilo kwa miongo. Hatuko huko, hatuna mabwawa ya miaka 100 yaliyochoka. Tulicho nacho, na ambacho Wamarekani wangekilipia gharama kubwa kama wangeweza kurudi nyuma, ni mito ambayo kuta zake nyingi bado ziko kwenye karatasi.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili. Umeme si adui pekee wa samaki wa nyanda hizi. Bustani zinalimwa mpaka ukingoni, mvua ya kwanza inashusha udongo, na mawe ambayo samaki wa maporomoko hula utando wake yanafunikwa na tope. Kuna wanaovua kwa vyandarua vilivyogawiwa kuzuia malaria, na kuna wanaopondaponda utupa na kuumwaga kwenye kidimbwi, wakaua kila kitu kwa ajili ya kitoweo cha siku moja. Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kila kiangazi tangu mwaka 1993 kwa kipande kirefu, na chanzo kikubwa kilikuwa maji yaliyochotwa juu kwa ajili ya mashamba. Mita 60 za ukingo ambazo sheria inataka ziachwe bila shughuli za kudumu zikiheshimiwa Kasulu na Kibondo, samaki watapata nafuu hata kabla mhandisi hajafika.

Kwa hiyo kazi inaweza kuanza sasa na kwa fedha kidogo. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) ina kituo Kigoma. Wilaya zina maafisa uvuvi. Kila sekondari iliyo karibu na mto ina mwalimu wa biolojia na vijana wenye miguu imara. Wavu mmoja mdogo, ubao wa kupimia, ndoo mbili, daftari lenye jalada gumu, na kibali cha afisa uvuvi: mara mbili kwa mwaka, mawe yaleyale, dakika zilezile. Daftari la miaka mitano kutoka Ruchugi na kutoka vijito vya Nyakitonto lingekuwa na nguvu mezani kuliko hotuba yoyote, siku mradi mwingine utakapokuja kutafuta maporomoko.

Wewe unayeisoma sura hii ukiwa Kasulu, Kibondo, Buhigwe au Uvinza: kama unajua mahali ambapo samaki wadogo wa mawe bado wanaonekana, mwambie afisa uvuvi wa wilaya yako kwa jina la kijito na jina la kijiji, naye aandike. Kama unakumbuka walipokuwa na sasa hawapo, mwambie hilo pia, na mwaka ulipoacha kuwaona. Fanya hivyo mapema, kabla mvua za Novemba hazijafunika mawe.